Waya Wenye Kumbukumbu na Mchanga wa Pangani

Mwalimu wa sekondari anayetaka kuwaonyesha wanafunzi metali "yenye kumbukumbu" hahitaji maabara kubwa. Kipande cha waya wa nitinoli na bilauri ya maji ya moto vinatosha. Waya hukunjwa ovyo, kisha ukitumbukizwa majini hujinyoosha wenyewe na kurudia umbo ulilofundishwa kiwandani kwa joto la karibu nyuzi 500 za Selsiasi.

Aloi hiyo ni nikeli na titani, takriban nusu kwa nusu. William Buehler aliishughulikia kuanzia mwaka 1959 katika maabara ya jeshi la majini la Marekani. Leo imo katika nyaya za kunyooshea meno, fremu za miwani na vimirija vya kupanua mishipa ya moyo.

Mwera na Pangani yote wanajua malighafi mpya inavyoweza kugeuza soko. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. 62 tu ilifika hai, ikapandwa Kikokwe, Pangani. Mwaka 1964 nchi ilizalisha karibu tani 230,000. Kisha zikaja kamba za polipropilini, bei ikaanguka, na utaifishaji wa mashamba haukusaidia. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 zilibaki kama tani 20,000.

Safari hii malighafi iko nyumbani. Kusini mwa mji wa Tanga, eneo liitwalo Tajiri, utafiti umekuta mchanga mzito wenye madini ya titani. Nikeli iko Kabanga, Ngara. Lakini mwekezaji mdogo asikimbilie kuota kiwanda: sehemu kubwa mno ya madini ya titani duniani huishia kuwa rangi nyeupe ya kupaka, na nitinoli huyeyushwa katika tanuri lisilo na hewa. Nikeli ikizidi kwa asilimia moja tu, joto la kujinyoosha hushuka kwa makumi ya nyuzi, na mzigo mzima haufai.

Faida ya karibu iko dukani. Muuza miwani aliyepata somo hilo hadanganywi na lebo. Fremu halisi, ikipindwa kiasi, hurudi hapo hapo bila moto, maana joto lake la kubadilika limewekwa chini ya joto la kawaida la hewa. Ikibaki imepinda, airudishe kwa aliyemuuzia kabla hajalipa.