Klorini Ije Mwisho

Mei 2015, maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko ya kwao walijazana Kagunga, kijiji kidogo cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, na kipindupindu kikazuka hapohapo. Meli ya MV Liemba iliwabeba hadi Kigoma mjini, kisha mabasi yakawapandisha hadi kambi ya Nyarugusu, katika wilaya ya Kasulu.

Katika kituo cha matibabu, kitanda cha mgonjwa wa kipindupindu kina tundu katikati, na chini ya tundu pana ndoo. Choo na matapishi ya ndoo hiyo huuliwa vimelea kwa klorini ya asilimia 2: gramu 30 hivi za unga wenye nguvu ya asilimia 70 kwa kila lita. Hizo ni miligramu 20,000 kwa lita, ilhali maji ya kunywa huhitaji kubakiwa na miligramu 0.2 hadi 0.5 tu. Kwa nini nyingi hivyo? Kwa sababu klorini haichagui. Uchafu huila kabla haijafika kwa kimelea, amonia ya mkojo huigeuza kloramini iliyo dhaifu zaidi, na kimelea kilichojificha ndani ya bonge hakiguswi.

Uchafu huohuo ndio unaozaa sumu. Mwaka 1974 Johannes Rook, mkemia wa maji wa Rotterdam, alionyesha kwamba klorofomu na ndugu zake huundwa klorini inapokutana na mabaki ya mimea iliyooza majini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 300 za klorofomu kwa lita ya maji ya kunywa, lakini linasisitiza kwamba hofu hiyo isipunguze uuaji wa vimelea. Naliunga mkono kabisa. Kipindupindu humaliza mtu kwa saa chache. Hatari ya klorofomu hupimwa kwa miaka mingi ya kunywa.

Lakini hatulazimiki kuchagua kati ya hayo mawili. Toa uchafu kwanza, nawe utahitaji dawa kidogo na sumu itapungua. Majitaka yatuame, tope liondolewe, bakteria wa mabwawa wale kilichobaki, jua lifanye kazi yake. Klorini ije mwisho, ikae nusu saa. Huko Haiti, baada ya kipindupindu cha 2010, Madaktari Wasio na Mipaka walitumia chokaa kwenye majitaka ya vituo vya matibabu: huua vimelea kwa ukali wake, hushusha uchafu chini, wala haizai klorofomu. Kumwaga klorini kwenye choo cha shimo ni hasara tupu, maana huua hata wadudu wanaoozesha kinyesi.

Kisha kuna mto unaopokea maji yaliyokwisha kutiwa klorini. Maji mengi ya nyanda za Kasulu na Kibondo huishia Malagarasi, na Malagarasi huingia Ziwa Tanganyika. Marekani imeweka mikrogramu 11 za klorini kwa lita kuwa kikomo cha kuwalinda viumbe wa maji baridi kwa muda mrefu. Vidonge vya kupimia klorini, vinavyogeuza maji kuwa ya waridi, kwa kawaida huanzia miligramu 0.1, karibu mara tisa ya kikomo hicho. Maji yasiyobadilika rangi bado yanaweza kudhuru samaki, ndiyo maana thiosulfeti ya kuondoa klorini hutiwa ikiwa na ziada kidogo kabla maji hayajaachiwa mtoni.