Keria imara huokoa faida ya mkulima

MKULIMA wa Kisarawe anaweza kuvuna muhogo mzuri, kisha faida yote ikaishia njiani. Barabara nyingi za vijijini ni za udongo na mchanga, na masika yakianza gari halifiki shambani. Kinachofika ni pikipiki.

Tatizo ni kiti. Kiti cha sponji kinachokuja na pikipiki ni cha watu, si cha viroba. Ndiyo maana wenye pikipiki wa Kibaha na Kisarawe huenda kwa fundi wa kuchomelea kutengenezewa keria ya chuma.

Kabla ya kulipa, angalia mambo matatu. Kwanza, keria ifungwe kwa bolti. Isichomelewe kwenye fremu, kwani moto hudhoofisha chuma chake. Pili, uzito usiegemee nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma. Ukiegemea huko, usukani huwa mwepesi na dereva huanguka mchangani. Tatu, keria isiwe nzito mno: kila kilo ya chuma ni kilo ya muhogo inayobaki shambani.

Sasa fanya hesabu. Tuseme keria inagharimu Sh60,000 na kila safari inaongeza Sh2,000. Baada ya safari 30 fedha imerudi. Lakini bomba jembamba likikatika safari ya kumi, umepoteza mzigo na keria, achilia mbali uhai wa dereva.

Hivyo usichague fundi kwa bei pekee. Mweleze utabeba kilo ngapi, na zisizidi zilizoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki.