Mgeni Mwenye Bawaba

Mvua ilikuwa imekatika kama saa kumi jioni, ile mvua ya Bunia inayogeuza barabara kuwa uji mwekundu. Watoto wa jirani wakaingia kwenye parsele yetu, hapa Mudzipela, wamebeba basani wawili wawili kama wachukua maiti. "Papa, tumemwokota kwenye mfereji. Ni wa nani huyu?" Ndani ya basani, katika maji ya vidole vitatu, alikuwa kobe wa ukubwa wa sahani, amejifungia kabisa, haonekani kichwa wala mguu. Maji walikuwa wamemtilia kwa huruma. Kwao wao, kila chenye gamba ni cha ziwani.

Nilichokiona kwanza ni tundu. Kwenye ukingo wa gamba, kushoto kwa mkia, mtu alikuwa ametoboa kishimo cha kupitishia kamba, na kipande cha nailoni bado kilining'inia. Basi huyu hakuwa kobe wa porini aliyekosea njia. Alikuwa na mwenyewe. Nikamtoa majini, nikamweka chini, na kuanzia jioni ile nikawa mwenyeji wake kwa siku kumi na moja.

Lile tundu nitalisemea kwanza, maana lilinikera. Wengi wetu tunadhani gamba la kobe ni kama kwato, kitu kikavu kisichosikia. Sivyo. Gamba ni mifupa, kama vipande hamsini hadi sitini, na sehemu kubwa yake ni mbavu na uti wa mgongo vilivyotanuka vikaungana. Juu ya mifupa hiyo kuna vibamba vya keratini, dutu ileile ya kucha zetu, na chini ya vibamba kuna mishipa ya damu na ya fahamu. Ukimpitishia kidole mgongoni, anajua. Kumtoboa kwa msumari wa moto ni kutoboa mfupa wa kiumbe hai, na kidonda kikiingia uchafu, usaha wake hautoki kama wetu: wa jamii ya reptilia huganda kama jibini na kubaki palepale ndani.

Usiku ule, kwa mwanga wa tochi ya simu, niliona jambo jingine lililonitisha zaidi. Gamba lilikuwa na ufa. Ulikatiza mgongo kwa nyuma, kuelekea mapajani. Nikasema basi, amekanyagwa na motari. Kwa kobe aliyepasuka kweli, yapo machache ya kufanya nyumbani: osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, funika kwa kitambaa safi nzi wasitage humo, umpeleke kwa daktari wa mifugo. Usizibe ufa kwa gundi, kwa sababu utakuwa umewafungia vijidudu ndani. Nikatafuta kitambaa, nikamfunika, nikalala na wasiwasi.

Asubuhi ule ufa ulikuwa umetembea. Kobe alipotoa miguu ya nyuma, mstari ulifunguka kidogo. Nilipomgusa, nyuma ya gamba ikashuka kama kifuniko cha sanduku na mstari ukajibana. Tena ulikuwa sawasawa kulia na kushoto, kitu ambacho gurudumu la pikipiki haliwezi kukipanga. Ilikuwa bawaba.

Kobe wa aina hii, wanasayansi wanawaita Kinixys, wako Afrika (na Madagaska), na kati ya kobe wote wa nchi kavu ni wao wenye bawaba kwenye gamba la mgongoni. Adui akija, sehemu ya nyuma hushuka na kuziba mkia na miguu. Watoto wao huzaliwa bila bawaba. Hujitengeneza kadiri wanavyokua, kwa hiyo kobe mdogo asiye nayo anaweza kuwa wa jamii hiyohiyo. Wangu alikuwa na kingo za gamba zilizopinda kwenda juu, zenye meno kama msumeno, mbele na nyuma. Huyo ni Kinixys erosa, kobe wa misitu ya mvua, ambaye gamba lake hufika sentimita 30.

Hapo ndipo Bunia yenyewe inapoingia. Mji huu, ulioko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,275, umekaa mlangoni mwa nchi tatu za kobe. Ukienda kusini-magharibi ukapita Komanda, unaingia msitu wa Ituri unaofika Mambasa na Epulu, makao ya Hifadhi ya Okapi. Ukienda mashariki, ardhi inaporomoka hadi Ziwa Albert, Kasenyi na Tchomia, mita mia sita na kitu hivi chini. Katikati ni malisho na savana, ambako yuko ndugu yake mwingine mwenye bawaba, Kinixys belliana, laini wa kingo na mdogo kidogo. Malori yanakuja na mbao na makala (ya kupikia, siyo haya unayoyasoma), wavuvi wanapanda na samaki, na katikati ya mizigo hiyo husafiri wanyama. Kobe aliyeokotwa mferejini Bunia anaweza kuwa ametoka upande wowote, na kila upande una ulaji wake na namna yake ya kufa.

Wa majini ni rahisi kumjua. Ana utando kati ya vidole, na akiogopa mara nyingi hukunja shingo ubavuni, kama mtu anayeficha uso kwapani. Kobe wa nchi kavu ana miguu ya nguzo, mfano wa tembo, na shingo yake hurudi nyuma moja kwa moja. Huyu wa pili kwa kawaida si mwogeleaji. Nimesikia mara nyingi watu wema wakisema, "Mrudishe mtoni, maskini." Ukimrusha mtoni anaweza kuzama, na unaondoka zako ukiwa umeridhika.

Hata wewe usimbebe ovyo. Kobe hana kiwambo cha kupumulia kama chetu, na mbavu zake zimegandana na gamba, haziwezi kupanda na kushuka. Anavuta hewa kwa misuli ya tumbo na ya miguu. Mapafu yako juu, chini ya paa la gamba. Ukimlaza chali, matumbo yote yanayaelemea. Tena hawezi kukohoa ipasavyo, ndiyo maana mafua ya kobe si mafua ya mchezo: ukiona mapovu puani au anapumua mdomo wazi, hiyo inaweza kuwa nimonia. Ukimnyanyua, mnyanyue taratibu, karibu na ardhi. Akishtuka hukojoa, na ule mkojo ni akiba. Uchafu wa mwili wake anautoa zaidi kama ujiuji mweupe, ili maji yabaki kibofuni kwa siku za kiu. Kumtisha wakati wa kiangazi ni kumwaga mtungi wake.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni maji, siyo chakula: basani pana, maji ya uvuguvugu yasiyofika shingoni, dakika kumi na tano hadi ishirini. Wangu aliingiza pua, akanyamaza, koo likawa linapanda na kushuka. Alikunywa kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuona mnyama yeyote akinywa.

Baada ya maji, joto. Tunasema kobe ana damu baridi, lakini ukweli ni kwamba damu yake ni ya joto la mahali alipo. Mwili wake hauwashi jiko lake wenyewe. Akipoa, tumbo halisagi chakula, na kilichomo hukaa humo na kuchacha. Usiku wetu huku juu una baridi, hasa baada ya mvua, na sakafu ya saruji humnyonya joto hadi asubuhi. Nikampangia katoni yenye majani makavu, tena yenye kuta zisizoonyesha nje, kwa sababu kobe akiona upande wa pili atasukuma mpaka achubuke pua. Mchana nilimtoa apate jua la moja kwa moja pamoja na kivuli cha kukimbilia. Jua la kupitia kioo cha dirisha halimfai. Kioo kinachuja mionzi inayomtengenezea vitamini D, na bila vitamini hiyo chokaa ya gamba haikai. Kabla ya kulala nilizunguka na tochi kutafuta siafu. Kobe aliyefungiwa kwenye katoni hana pa kukimbilia, na siafu hawabishi hodi.

Sasa chakula. Siku tatu za mwanzo nilimpa majani ya viazi vitamu, nyasi changa, ua la hibiskasi. Alinusa, akaniangalia, akarudi kwenye katoni. Kobe mzima anaweza kukaa siku nyingi bila kula asidhurike, kwa hiyo sikumlazimisha, ila nilianza kumpima uzito kila asubuhi. Mizani Bunia haikosekani; mji wa dhahabu huu. Ile ya mnunuzi wa dhahabu ingemfaa kobe aliyetoka yaini jana, mwenye gramu ishirini au thelathini. Wangu ilibidi apelekwe kwa muuza maharagwe, aliyemweka kwenye sinia bila kuuliza swali hata moja. Gramu 940. Kesho yake 936.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimesoma habari za kobe madoa, yule mkubwa wa savana za Kenya na Tanzania, ambaye anaishi kwa nyasi, na matunda mengi humvuruga tumbo. Huyu wa msituni ni mlaji wa aina nyingine: uyoga, matunda yaliyoanguka, minyoo, konokono. Siku ya nne nilimletea uyoga wa sokoni na papai lililoiva sana. Akala uyoga wote. Wako watu wanaompa kobe yeyote mkate, wali, maziwa. Maziwa ni ya mamalia. Tumbo la reptilia halina cha kuyafanyia. Na sombe mbichi, hata kama jani ni jani, ina sumu ya sianidi ambayo sisi wenyewe tunaitoa kwa kutwanga na kuchemsha.

Watoto walitaka kumshika kutwa. Niliwaruhusu kwa sharti la ndoo na sabuni, kwa maana kobe hubeba salmonela tumboni bila yeye kuumwa. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kobe wadogo wenye gamba lisilofika sentimita 10, kwa kuwa watoto walikuwa wakiwatia mdomoni. Kunawa mikono hapa hakuhitaji somo refu. Toka Agosti 2018 hadi Juni 2020, Ebola ilipokuwa Kivu Kaskazini na Ituri, kila mlango ulikuwa na ndoo yenye bomba.

Nikamkagua pia kupe, kwenye mikunjo ya shingo na mapaja. Si usumbufu mdogo huo kwa nchi ya wafuga ng'ombe. Mwaka 2000 Marekani ilizuia kuingiza kobe wa aina tatu za Afrika, akiwemo yule Kinixys belliana wa savana, kwa sababu ya kupe wa jamii inayoeneza maji moyo, ugonjwa unaoua ng'ombe, mbuzi na kondoo.

Jirani mmoja, mzee wa heshima, alinishauri nimpeleke msituni nimwachilie. Nilimjibu, "Baba, msitu upi?" Kobe anajua kwake. Anna Wilkinson na wenzake, katika utafiti uliotoka mwaka 2007, walimweka kobe mmoja wa Amerika Kusini kwenye njia panda ya mikono minane yenye chakula. Akakumbuka alikokwisha kupita. Utafiti mwingine, wa 2017, ulionyesha kobe wa aina hiyo wakikumbuka baada ya miezi 18 ni alama ipi yenye chakula kingi. Ukimtupa mahali asipopajua, huanza kutangatanga akitafuta pa kwake, na aliyeishi na watu anaweza kuwapelekea wenzake wa porini magonjwa. Wa porini uliyemkuta akivuka barabara, mvushe upande alioelekea, basi. Wa mtu, mtafute mtu. Na sheria ipo: kobe wote wa nchi kavu wako chini ya CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo kumvusha mpaka wa Uganda bila kibali ni kosa, na wanyama wa porini humu Kongo wana ICCN, taasisi ya serikali ya kuhifadhi maumbile, na sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014. Akikosa mwenyewe, huko ICCN ndiko pa kuulizia.

Nilitoa habari kwa mkubwa wa kwartie na kanisani, nikasema tu kwamba kobe ameonekana. Sikutaja tundu, sikutaja kamba, sikutaja bawaba. Siku ya saba akaja bwana mmoja, amevaa vizuri, akasema ni wake. Nikamwuliza alama. Akasema hana alama yoyote, kobe ni kobe. Nikamuaga kwa adabu.

Siku ya kumi na moja akaja mama na kijana wa miaka kama kumi na miwili. Kijana ndiye aliyejibu. "Ana tundu kushoto kwa mkia. Yaya ndiye alimtoboa, mimi nilikataa." Mama yake akatazama chini. Nikawaeleza habari za mifupa na damu, tukakubaliana kamba isirudi, wajenge uzio wa matofali. Nikampima mara ya mwisho: gramu 951.

Kijana alikuwa ameshika kopo la maziwa ya unga. Akalifungua, akaweka konokono watatu juu ya majani, akakaa kimya. Kobe akatoa shingo, yote, ndefu kuliko nilivyodhani anayo, akatembea moja kwa moja hadi kwa yule wa kwanza. Kacha! Akafuata wa pili. Siku zote hizo mimi nilikuwa nikimmenyea papai.