Baridi ya Ndani, Joto la Nje

Mtu apitaye mchana wa mwezi wa Februari katika mitaa ya katikati ya jiji la Dar es Salaam huona jambo ambalo watu wengi wamelizoea hata hawaliulizi tena. Nyuma ya majengo marefu yametundikwa masanduku ya chuma, safu juu ya safu, kila moja likinguruma na kupuliza hewa ya moto uchochoroni. Chini yake mama lishe anapakua chakula, na wachukuzi wanapumzika katika kivuli chembamba cha ukuta. Upande wa pili wa ukuta huohuo, makarani wamevaa sweta. Je, baridi ile ya ndani imetoka wapi, na ni nani anayeilipia?

Pampu ya joto

Katika mazungumzo ya kila siku husemwa kwamba kiyoyozi hutengeneza baridi. Kisayansi, kauli hiyo si sahihi. Baridi si kitu kinachoweza kutengenezwa. Ni upungufu wa joto. Nalo joto, likiachwa lenyewe, hutoka penye moto likaenda penye baridi, kama maji yatelemkavyo mlimani. Kulirudisha nyuma kunahitaji kazi, kama vile kupandisha maji kwenye tangi la juu kunavyohitaji pampu. Kiyoyozi na jokofu, basi, ni pampu za joto.

Ndani ya mabomba ya mashine hizo huzunguka kemikali igeukayo kwa urahisi kutoka hali ya umajimaji kuwa gesi. Inapogeuka gesi huhitaji joto, na hulinyonya kutoka katika hewa ya chumba, kama vile spiriti inavyoupoza mkono wa mgonjwa kabla ya sindano. Kisha kompresa inayoendeshwa kwa umeme huigandamiza gesi hiyo mpaka ikawa na moto kuliko hewa ya nje. Ifikapo katika sanduku la nje hulitoa joto lake, hurudi kuwa majimaji, na safari huanza upya.

Hesabu yake ni nyepesi. Mashine nzuri ikitumia jouli 1 ya umeme yaweza kuhamisha jouli 3 za joto kutoka chumbani. Lakini joto litokalo nje si jouli 3, bali ni 4, kwa kuwa umeme uliotumika nao huishia kuwa joto. Kwa hiyo viyoyozi havilipozi jiji; huliongezea joto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu jiji la Phoenix, katika jangwa la Arizona nchini Marekani, ulikadiria kwamba joto la viyoyozi laweza kupandisha halijoto ya hewa ya usiku kwa zaidi ya digrii 1 ya Selsiasi katika baadhi ya sehemu za jiji hilo.

Joto hilo huja juu ya lile ambalo jiji limekwisha kujiwekea. Lami na saruji hufyonza joto la jua mchana kutwa, kisha hulitoa polepole usiku. Mti hufanya kinyume: hutoa kivuli, na maji yatokayo majanini hugeuka mvuke na kuipoza hewa, kwa kanuni ileile ya spiriti. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Watu milioni moja zaidi katika miaka kumi wanahitaji nyumba na barabara, na mara nyingi mwembe au mkorosho ndio wa kwanza kuondolewa kiwanjani.

Gesi iliyosifiwa

Gharama nyingine haionekani kwa macho. Majokofu ya kwanza yalitumia amonia na kemikali nyingine zenye sumu, na mabomba yalipovuja watu walikufa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mwanakemia wa Marekani, Thomas Midgley, pamoja na wenzake, walitafuta kemikali iliyo salama, wakapata jamii ya klorofluorokaboni. Mwaka 1930, mbele ya wanakemia wenzake, Midgley alivuta gesi hiyo kifuani kisha akaipulizia mshumaa ukazimika. Hivyo alionyesha kwamba haikuwa na sumu kali, wala haikushika moto. Ulimwengu uliipokea kwa furaha.

Kumbe sifa yake ndiyo iliyokuwa hatari yake. Kwa kuwa gesi hiyo haiharibiki upesi, ilipanda taratibu mpaka kwenye tabaka la ozoni, ambalo huukinga uhai wa dunia na miali ya urujuanimno. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kwamba huko juu miali ya jua huipasua gesi hiyo na kutoa atomu za klorini, na kwamba atomu moja yaweza kuharibu maelfu mengi ya molekuli za ozoni. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza, Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, walitangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika ilikuwa imepungua mno kila majira ya kuchipua ya huko. Madhara ya upungufu wa ozoni ni pamoja na saratani ya ngozi, mtoto wa jicho na kudhoofika kwa mimea.

Mataifa hayakukawia. Tarehe 16 Septemba 1987 Itifaki ya Montreal ilitiwa saini, na gesi hizo zikaanza kuondolewa viwandani. Ripoti ya wataalamu ya mwaka 2022 yatarajia kwamba katika sehemu kubwa ya dunia ozoni itarudia hali ya mwaka 1980 ifikapo kama mwaka 2040.

Lakini mahali pa gesi hizo pakashikwa na nyingine, haidrofluorokaboni, ambazo haziharibu ozoni, ila huzuia joto la dunia lisitoke kwenda angani. Kwa uzito uleule, ile itumikayo sana katika majokofu, katika kipindi cha miaka 100, ina nguvu ya kupasha dunia joto kupita kabonidioksidi zaidi ya mara elfu moja. Ndiyo maana mwezi wa Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, yakakubaliana kuzipunguza nazo. Hata hivyo, kila mara fundi afunguapo bomba na kuiachia gesi ya zamani iende zake, lengo la mkataba huo hudhoofishwa kwa kiasi kidogo.

Starehe na haja

Je, yapasa basi watu wakatae jokofu na kiyoyozi? La. Chanjo nyingi huharibika zisipohifadhiwa kati ya digrii 2 na 8. Damu ya hospitali na maziwa ya mtoto huhitaji ubaridi, na joto kali huwaua wazee na wagonjwa. Suala ni kuitofautisha haja na anasa, na kuuliza kama jengo lenyewe halikuundwa ili lihitaji mashine. Jengo la vioo linaloelekea jua la magharibi ni tanuri, na kiyoyozi chake hakipumziki.

Wajenzi wa Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za juu, na vichochoro vyembamba ambamo jua huingia kwa muda mfupi tu. Nyumba zao nazo zilikuwa na gharama: mikoko ilikatwa kwa boriti, na kuni nyingi zilichomwa kupata chokaa. Hakuna nyumba isiyoidai ardhi kitu. Lakini wajenzi hao walilizuia joto mlangoni badala ya kulipokea na kumtupia jirani. Leo pia fundi aweza kuelekeza kuta ndefu za jengo kaskazini na kusini, kurefusha upenu, kupaka paa rangi nyeupe na kuuacha mti mahali pake. Na kiyoyozi kikihitajika, kikiwekwa digrii 26 badala ya 18 hutumia umeme mdogo zaidi.

Jaribio la darasani

Wanafunzi wapime halijoto ya hewa mahali panne: chini ya mti, kando ya barabara ya lami, chini ya paa la bati lisilo na dari, na nyuma ya kiyoyozi. Wapime saa 2 asubuhi, saa 8 mchana na saa 2 usiku kwa siku tano, wakihakikisha kwamba kipimajoto hakipigwi na jua, kisha wachore grafu. Hatimaye waandike, kando ya kila mahali, ni watu gani hukaa hapo saa hiyo. Safu hiyo ya mwisho haihitaji kipimajoto, nayo ndiyo itakayoonyesha ni nani anayeilipia baridi ya wengine.