Je, Wajua? Kinachozuia kutu ni ndugu wa kutu

Je, wajua kuwa praima nyekundu ya chuma hupata wekundu wake kwenye oksidi ya chuma, ndugu wa kutu yenyewe? Ndiyo pia inayoupa rangi udongo mwekundu unaoganda kwenye madigadi ya baiskeli huku Kigonsera wakati wa masika. Ila oksidi iliyo kwenye praima imeshaungana na oksijeni na kushikwa na mafuta ya rangi, kwa hiyo huzuia unyevu usiifikie fremu.

Basi baiskeli ya Phoenix kuukuu inayobeba gunia la kahawa usiitupe. Toa magurudumu, cheni na usukani. Sugua kwa msasa uliolowa maji, hasa kwenye maungio ya mabomba. Maji ni ya kuzuia vumbi, kwa kuwa rangi za zamani huweza kuwa na risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto. Kausha vizuri, piga praima, kisha rangi ya mafuta mikono miwili myembamba. Mkono mmoja mzito hukauka juu tu, ndani ukabaki laini, na kamba ya mzigo wa kwanza huubandua. Penye nyuzi na panapokaa gololi usipake kabisa.

Ikishakauka, iache juma zima kabla ya kuifunga mzigo.