Mguu Ulioteguka na Kisigino Kiumacho

Katika neema ambazo mwanadamu husahau kuzishukuru, mojawapo ni nyayo zake. Kila unyayo una mifupa 26, nayo huchukua uzito wa mwili mzima tangu alfajiri hata usiku. Nasi tukaao Ushetu twaitegemea miguu kuliko wengi. Mkulima wa tumbaku yu matutani kutwa. Mwenye mpunga hupita katika majaruba yatelezayo. Na vijana wetu waendao machimboni Kahama na Geita hushuka na kupanda katika maduara. Mguu ukiharibika, riziki ya nyumba nzima husimama. Kwa hiyo yafaa tuyajue maumivu mawili yatupatayo mara nyingi.

La kwanza ni kuteguka kifundo. Mguu hupindukia ndani, na kano za upande wa nje, zinazounga mfupa na mfupa, huvutika kupita kiasi au huchanika. Desturi yetu ni kumwita mkandaji saa ile ile, aje na maji ya moto, auvute mguu mpaka mgonjwa alie. Nia yake ni njema. Lakini kano iliyochanika haiungwi kwa kuvutwa, na moto wa siku ya kwanza huzidisha uvimbe.

Kwanza tujiulize: je, mfupa umevunjika? Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, nchini Kanada, walitoa kanuni ambayo hata sisi nyumbani twaweza kuifuata. Asiyeweza kupiga hatua nne, au anayeumia abonyezwapo kwenye mfupa wenyewe wa kifundo, apelekwe akapigwe picha ya eksirei. Vilevile mguu uliopinda sura yake au uliokufa ganzi usingoje kesho.

Ikiwa hakuna dalili hizo, siku mbili tatu za mwanzo mguu upumzishwe, uinuliwe juu ya mto, ufungwe bandeji isiyobana sana, na uwekewe kitambaa cha maji baridi kwa dakika 15 hivi, mara kadhaa kwa siku.

Baada ya hapo ndipo tiba yenyewe huanza, na ndipo wengi huiacha. Kijana aonapo uvimbe umepungua, hurudi duarani. Baada ya wiki chache huteguka tena pale pale. Sababu ni kwamba kano haijapata nguvu, na kifundo kimepoteza wepesi wake wa kujizuia kinapokanyaga pabaya. Wepesi huo haurudishwi na dawa ya kuchua, bali na mazoezi. Aketi, achore tarakimu hewani kwa kidole gumba cha mguu, toka moja hata kumi. Maumivu yakipungua, asimame karibu na ukuta kwa mguu ule mmoja, nusu dakika. Kisha ainue visigino na kuvishusha polepole, mara kumi. Maumivu madogo si kitu. Lakini akiamka kesho mguu umevimba zaidi, apunguze.

La pili ni maumivu ya kisigino. Mtu ashukapo kitandani kwa swala ya alfajiri, hatua za kwanza humchoma kama msumari. Akitembea kidogo hupata nafuu. Wengi husema ni baridi ya sakafu. Lakini chini ya unyayo mna utando mgumu utokao kisiginoni hata vidoleni, nao huumia kwa kusimama mno, kwa uzito wa mwili na kwa kandambili zilizolika. Dawa yake ni kuunyosha. Kabla ya kushuka kitandani, weka unyayo juu ya goti la pili, vuta vidole kuelekea muundi, hesabu mpaka kumi, uachie. Rudia mara kumi, na ufanye hivyo mara tatu kwa siku. Huenda ikachukua miezi. Subira ni sehemu ya tiba.

Katika swala, mwenye mguu mgonjwa asijitese. Sheria imemruhusu asiyeweza kusimama aswali ameketi, na asiyeweza kuukunja mguu wake katika tahiyatu aketi awezavyo.

Mwenye kisukari ana hukumu yake mbali. Mguu wake waweza kupata kidonda asihisi kitu. Autazame kila siku, asiutie maji ya moto, na kidonda kidogo akipeleke zahanati mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wapo wataalamu wa tiba ya viungo katika hospitali zetu kubwa, kama Bugando ya Mwanza. Na KCMC ya Moshi huwafundisha vijana kazi hiyo. Tusidhani kwamba tiba hii ni ya wacheza mpira tu. Mama abebaye ndoo kichwani na baba ashikaye jembe wanaihitaji vilevile.

Enyi wazazi, mwana akirudi nyumbani akichechemea, msiharakishe kumvuta mguu, wala msimwambie ajikaze. Mchunguzeni, mpumzisheni, kisha msimamieni mazoezi yake mpaka mwisho. Mwili ni amana, na mguu ni katika amana hiyo. Mwenyezi Mungu atupe afya na uzima. Amin.