Kati ya Ngapi? Daftari Langu na Namba Tatu wa Maramba

Saa kumi na moja jioni, baraza la muuza kahawa pale Maramba hugeuka kuwa benchi la ufundi. Wanaotoka shamba, vijana wa bodaboda, walimu wa shule ya msingi, wote wanakuwa makocha. Nilirudi nyumbani likizo ndefu ya mwaka wa pili, bumu limeshakata kitambo, nikakuta mada ni moja tu: timu ya mtaa wetu inafungwa, na kila mtu anajua kwa nini.

Naandika kueleza kosa moja la hesabu ambalo sisi wasomi tunalifanya kirahisi kuliko wengine. Nililifanya mimi, na aliyelilipia ni mtu mwingine.

Kwanza nikupeleke uwanjani. Maramba iko wilaya ya Mkinga, chini ya milima ya Usambara Mashariki. Wasambaa, Wadigo na Wabondei wamechanganyika, na mwanaume yeyote utakayekutana naye njiani ni "mgosi". Ligi yetu ilikuwa ya timu 9, kila timu inakutana na mwenzake mara moja, zawadi mbuzi na seti ya jezi. Hakuna anayelipwa. Njumu zinaazimwa, jezi zinafuliwa na mama wa nahodha, na mwalimu wa timu ni mwalimu kweli, anafundisha hesabu darasa la sita. Baada ya mechi 6 tulikuwa tumefungwa 5 na kutoa sare 1. Magoli ya kufungwa yalikuwa 14.

Usidhani ni ligi ndogo basi maneno nayo ni madogo. Mkoa wa Tanga una kidonda cha mpira. Coastal Union, Wagosi wa Kaya, walikuwa mabingwa wa Tanzania mwaka 1988. Halafu msimu wa 2015/16 timu 3 za mkoa, yaani Coastal, African Sports na Mgambo, zikashuka daraja kwa mpigo. Coastal walirudi Ligi Kuu msimu wa 2018/19, lakini ukikaa na wazee barazani, habari ya kushuka bado ni mbichi. Kila mzee ana mchawi wake: kiongozi fulani, kipa fulani, penalti fulani. Mchezo wa kutafuta mtu mmoja wa kubebeshwa mzigo tumeurithi.

Kambi tatu za barazani

Kambi ya kwanza ilisema tatizo ni mfumo. Mwalimu anacheza 4-3-3 kwa sababu ameiona kwenye televisheni, arudi 4-4-2 ya wazee.

Kambi ya pili ilisema tatizo ni namba 3, beki wetu wa kushoto, kijana wa bodaboda. Anapitwa kila siku.

Kambi ya tatu haikutaka habari za mfumo. Ilitaka yai na mtu jasiri wa kuingia uwanjani usiku wa manane.

Mimi nilikuwa kambi ya pili, na nilikuwa na silaha ambayo wenzangu hawana: daftari. Semista iliyotangulia nilikula supu ya takwimu. Nikajiambia nitafanya mazoezi kwa kitu ninachokipenda. Kila mechi nilikaa juu ya kichuguu nyuma ya kibendera cha kona. Timu pinzani ikifika karibu na boksi letu naweka kijiti, kushoto au kulia. Shambulizi likipita katikati naliandika upande lilikoanzia. Goli likiingia nakizungushia kijiti duara.

Baada ya mechi ya 6 nikahesabu maduara. Kushoto 9, kulia 5. Jioni ile nikasimama barazani kama natetea tasnifu: "Wagosi, magoli 9 kati ya 14 yamepita kushoto. Hiyo ni asilimia 64. Namba tatu hatufai."

Mjadala ukafa palepale. Kabla ya hapo yalikuwa maneno kwa maneno, sasa kulikuwa na asilimia, tena imetoka kwa mtu wa chuo. Kesho yake nikasikia sentensi yangu sokoni, imeshaota mbawa: "Msomi kapima, magoli yote ni ya kushoto." Siku ya tatu ikawa namba 3 kala elfu ishirini za wapinzani. Kwenye kijiwe cha bodaboda wakaanza kumtania: "Barabara, leo uko wazi?" Mwalimu, kwa kelele za watu, akamweka benchi. Mazoezi ya Alhamisi hakuja.

Mechi ya 7 namba 3 alikuwa mwingine. Tukafungwa 4-1. Magoli 3 yalipita kushoto.

Kosa lilikuwa wapi?

Usiku ule nilirudi kwenye daftari. Safari hii sikuhesabu maduara peke yake, nilihesabu vijiti vyote vya mechi 6 za mwanzo. Kushoto tulishambuliwa mara 63, kulia mara 20.

Soma tena taratibu. Kushoto mashambulizi 63, magoli 9, yaani goli 1 kwa kila mashambulizi 7. Kulia mashambulizi 20, magoli 5, yaani goli 1 kwa kila mashambulizi 4. Beki niliyemtangaza kuwa shimo alikuwa anazuia mashambulizi 6 kati ya 7. Upande wa kulia, ambao hakuna aliyeusema, ulikuwa unazuia 3 kati ya 4.

Magoli 9 niliyahesabu sawasawa kabisa. Nilichokosa ni namba ya chini. Nilijua ngapi, sikuuliza kati ya ngapi.

Nilijifariji kidogo nilipokuja kusoma kwamba kosa hili lina mkubwa wake. Machi 18, 1950, mhasibu wa jeshi la anga la Uingereza aitwaye Charles Reep alikuwa uwanjani Swindon. Alichoshwa na mashambulizi yasiyozaa kitu, akatoa penseli na daftari, akaanza kuandika kila shambulizi. Aliendelea kwa miaka mingi, na mwaka 1968 yeye na Bernard Benjamin walichapisha hesabu hizo kwenye jarida la wanatakwimu. Aliona kuwa kama magoli 8 kati ya 10 yanatokana na pasi 3 au pungufu. Akahitimisha kuwa pasi nyingi ni kupoteza muda, mpira upelekwe mbele haraka. Wapo makocha waliomfuata, na mpira wa kubutua ukapata vyeti vya kisayansi. Waliokuja kuzipitia hesabu zake wakauliza kati ya ngapi. Kumbe zaidi ya 9 kati ya 10 ya mashambulizi yote yana pasi 3 au pungufu, kwa sababu mpira hupotea haraka. Kama pasi chache ni zaidi ya 9 kati ya 10 ya majaribio lakini zinaleta 8 kati ya 10 ya magoli, basi pasi nyingi ndizo zinazolipa zaidi kwa kila jaribio. Namba zake hizohizo zilikuwa zinamkana.

Na usiseme bora basi tuamini macho. Mwaka 1986 watafiti wawili wa Canada, Ian Franks na Gary Miller, waliwaonyesha mpira makocha wanaochipukia, kisha wakawauliza kilichotokea. Walikumbuka kwa usahihi chini ya nusu. Jicho linashika goli, linashika kosa la mwisho kabla ya goli, mengine linayaacha. Beki akizuia mara 6, barazani hakuna anayesimulia. Ya 7 ikiingia, inasimuliwa mpaka kahawa inapoa.

Swali ambalo tungepaswa kubishania

Sasa, kwa nini robo tatu ya mashambulizi ilipita upande mmoja? Hapo namba haikutosha, nilihitaji kutazama. Kwenye mechi ya mazoezi ya katikati ya wiki niliacha kuufuata mpira, nikamfuata mtu mmoja kwa dakika 20: namba 11 wetu, winga wa kushoto. Ndiye kipenzi cha Maramba. Ana chenga, ana mbio, watoto wanaiga hata anavyofunga kamba za viatu. Tukipoteza mpira, anabaki mbele anasubiri.

Fikiria kinachotokea nyuma yake. Winga wa wapinzani, namba 7, anakuja na mpira. Beki wao, namba 2, hana mtu wa kumkaba, kwa hiyo naye anapanda. Namba 3 wetu anabaki mmoja mbele ya wawili. Akimfuata mwenye mpira, yule wa pili anapita pembeni yake. Akibaki katikati yao, krosi inapigwa kwa nafasi. Ukimweka pale beki wa Ligi Kuu atateseka vilevile, labda kwa ustadi zaidi.

Ndiyo maana ugomvi wa 4-3-3 na 4-4-2 haukuwa na maana kama ulivyoendeshwa. Namba hizo zinasema watu wanasimama wapi mpira ukianza. Hazisemi nani anarudi mpira ukipotea. Winga asiyerudi ni tatizo lilelile kwenye mifumo yote miwili.

Dawa zipo, na kila moja ina gharama yake. Namba 11 akirudi, tunapoteza mtu wa kaunta. Namba 6 akisogea kushoto, katikati panabaki wazi. Namba 5 akitoka kusaidia, tunamwacha straika wao na beki mmoja. Barazani tungebishania hapo: gharama ipi timu yetu inaiweza? Ni ubishi mtamu, tena hauhitaji mchawi.

Halafu nikakumbuka jambo ambalo halimo kwenye daftari. Kila namba 11 alipojaribu kurudi, sisi wa pembeni tulikuwa tunapiga kelele: "Kaa juu! Usirudi!" Na mimi juu ya kichuguu changu nilikuwa mmojawao.

Kusahihisha ni kazi

Nilimkuta namba 3 anakaza mnyororo wa pikipiki. Nikamweleza hesabu mpya, nikamwomba radhi. Hakukasirika, hakufurahi.

"Mgosi, tangu mechi ya pili nilikuwa nampigia kelele mwenzangu arudi," akasema. "Mkasema namlaumu mtu. Nikanyamaza."

Nikasema nimekosa.

"Sawa, nimekusikia. Ila kayaseme palepale ulipoyasemea yale."

Nikaenda. Niseme ukweli, jioni ile ilikuwa ngumu kuliko supu ya takwimu. Nilipomaliza kusoma 63 na 20, mzee mmoja akacheka: "Msomi, wiki ile kushoto kubovu, wiki hii kushoto kuzima. Ukirudi chuoni utatuambia lipi?" Wengine wakataka sasa tumgeukie namba 2. Nikakataa. Mashambulizi 20 kwa mechi 6 ni machache mno kumhukumu mtu, goli moja pungufu lingebadilisha hesabu. Kumtoa mtu kwenye lawama na kumbebesha mwingine kwa ushahidi mwepesi uleule ni kurudia kosa. Hapo nikapoteza nusu ya wasikilizaji. Watu walikuja kusikia jina, mimi nikawapa tahadhari.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Mechi ya 8, ya mwisho, akamrudisha namba 3 na kumwambia namba 11 awe anarudi mpaka mstari wa kati. Tukatoka 1-1. Sitaki kukudanganya kwamba hiyo imethibitisha kitu. Ni mechi moja, na refa alitunyima goli au alituokoa, inategemea unamuuliza nani. Mbuzi alikwenda mtaa mwingine, sisi tulikuwa wa mwisho.

Nimerudi chuoni na ninasikia hesabu za namna ileile kila mahali. "Waliofeli somo lile, 7 kati ya 10 wanakaa nje ya hosteli, kwa hiyo kukaa nje kunafelisha." Waliofanya mtihani wakikaa nje walikuwa wangapi? Kama walikuwa 8 kati ya 10, maneno yanageuka. "Malalamiko mengi ya mwaka huu yanatoka kitivo fulani." Kitivo hicho kina wanafunzi wangapi? Ukisikia namba yenye mkosaji ndani yake, kabla hujaisambaza kwenye grupu, uliza swali la maneno matatu: kati ya ngapi? Asiyeweza kukujibu hajamaliza kuhesabu.

Siku ya kuondoka nilimpanda namba 3 mpaka lilipo basi la Tanga. Hakutaka nauli, nikamlazimisha. Tulipokuwa tunashusha begi, mwenzake mmoja akapita na pikipiki, akapiga honi na kumwita kwa sauti: "Barabara!"

Akainua mkono kumwitikia. Jina lile limeshakaa.